Dhana Potofu Kuhusu Maelezo ya Zana za Mawakala wa Akili Mnemba

Wateja wanaoniletea mawakala wa akili mnemba wanaokosea (yaani programu zinazotumia modeli ya lugha kutekeleza kazi), wawe wa vyama vya akiba na mikopo au wa kampuni za mizigo hapa Kampala, huanza kwa kuilaumu modeli, nami nikifungua orodha ya zana zao, yaani kazi za kompyuta ambazo wakala anaweza kuziita, hukuta kila zana imeelezwa kwa maneno mawili au matatu.

Dhana: Jina la zana linatosha, kwa kuwa modeli ina akili na itaelewa yenyewe.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Modeli haioni msimbo wenu wala hifadhidata yenu, na haikuwapo kikaoni mlipokubaliana kwamba salio ni akiba inayobaki baada ya kuondoa dhamana ya mkopo. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na skima ya vigezo, yaani muundo wa taarifa zinazopaswa kujazwa zana inapoitwa. Mkiandika kwamba pata_salio "hupata salio", na kando yake ikawapo pata_taarifa ambayo "hupata taarifa za mwanachama", mmeiachia modeli ibahatishe, nayo itabahatisha kwa ufasaha na bila haya.

Maelezo yanayofaa husomeka hivi: "Hurejesha akiba ambayo mwanachama anaweza kuitoa leo, kwa shilingi za Uganda, baada ya kuondoa kiasi kilichozuiwa kuwa dhamana. Usiitumie kwa deni la mkopo, tumia pata_deni. Namba ya uanachama isipopatikana, hurejesha orodha tupu, na hiyo haimaanishi kwamba salio ni sifuri." Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ikikosekana wakala atamwambia mwanachama mwenye akiba yake kwamba hana kitu.

Vigezo navyo vinahitaji uangalifu uleule. Namba ya simu huandikwa hapa kwa kuanza na 0, na 256 au na +256, kwa hiyo taja umbo moja: tarakimu 12 zinazoanza na 256. Kiasi cha shilingi kiwe namba kamili, kwa kuwa hatutumii senti. Kuhusu muda, abiria anayesema saa mbili asubuhi, kwa Kiswahili au kwa Kiganda, anakusudia 08:00, lakini kigezo kilichoitwa "saa" bila maelezo zaidi kinaweza kujazwa 02:00, na basi la Gulu likamwacha. Andika kwamba ni mfumo wa saa 24, kwa majira ya Afrika Mashariki, na utoe mfano. Pale ambapo majibu yanayokubalika yanajulikana, yaorodheshe ndani ya skima badala ya kutumaini kwamba modeli itayakisia.

Ushauri wangu, ambao wahandisi huudharau, ni kumpa mhudumu wa kaunta maelezo hayo peke yake, bila msimbo, na kumuuliza ni zana ipi inayojibu swali la mteja fulani. Akisita, andikeni upya.

Dhana: Maelezo marefu ni kupoteza fedha.

Ni kweli kwamba maelezo huhesabiwa miongoni mwa tokeni za kila ombi, yaani vipande vya maandishi vinavyolipiwa. Hata hivyo, zana iliyoitwa kimakosa na kurudiwa nayo hula tokeni, tena humuudhi mteja. Kwa zana nyingi sentensi tatu au nne zinatosha. Anayetaka kubana matumizi apunguze kwanza zana zinazofanana, ambazo ndizo zinazomchanganya wakala.

Dhana: Neno LAZIMA kwa herufi kubwa hurekebisha kila kitu.

Aghalabu humfanya wakala aite zana hata pasipohitajika. Taja sharti lenyewe.

Dhana: Tukihamia MCP, tatizo litakwisha.

Itifaki hiyo, Model Context Protocol kwa kirefu, iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, husanifisha namna zana zinavyotambulishwa na kuitwa. Sentensi inazozibeba ni zenu, na zikiwa mbovu zitafika zikiwa mbovu.

Dhana: Tumeandika "usihamishe fedha bila idhini", kwa hiyo tuko salama.

Maelezo ni mwongozo, si kufuli. Modeli inaweza kuyakiuka, au kupotoshwa na maandishi iliyoyasoma kwingine, hivyo seva yenyewe ndiyo inayopaswa kukataa ombi lolote la kuhamisha fedha ambalo mwenye akaunti hajalithibitisha.