Jicho la daktari hujifunzaje kusoma eksirei ya kifua?

Katika hospitali zinazofundisha, kama ile ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, picha ya kifua huweza kusomwa kwanza na daktari aliye mafunzoni, kisha na bingwa. Wagonjwa na ndugu zao huuliza mengi kuhusu kazi hiyo.

Mbona bingwa huitazama picha kidogo tu, na anayejifunza huichunguza muda mrefu?

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Kundel na Nodine, waliwaonyesha mabingwa wa radiolojia, yaani usomaji wa picha za ndani ya mwili, picha za kifua kwa sehemu ya tano tu ya sekunde. Walitambua takriban asilimia 70 ya picha zenye kasoro. Walipopewa muda wa kutosha, asilimia 97. Jicho lililokwisha kuona maelfu ya vifua visivyo na ugonjwa huipokea picha nzima kwa mkupuo, na kisicho cha kawaida hujitokeza chenyewe. Anayeanza husimama kila penye mbavu na mishipa ya damu isiyo na shida.

Je, bingwa hawezi kupitiwa?

Anaweza. Mwaka 2013 wataalamu 24 walipewa picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) za mapafu watafute vivimbe vidogo. Picha ya gorila iliyopachikwa humo kwa makusudi haikuonwa na 20 kati yao, ingawa macho ya wengi yalipita palepale ilipo. Jicho hufuata linachotafuta. Vilevile, akishaona mbavu iliyovunjika kwenye picha, msomaji huridhika mapema na kuacha kivimbe kilicho upande wa pili.

Anayejifunza hufuata hatua gani?

Kwanza jina, tarehe na alama ya kulia au kushoto. Kisha ubora wa picha, na hapa ndipo wengi hukimbilia mbele na kujikwaa. Ncha za ndani za mitulinga (mifupa miwili ya juu ya kifua, chini ya shingo) ziwe umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo. La sivyo mgonjwa alijipinda, na pafu moja litaonekana jeusi kuliko jingine. Mbavu za nyuma 9 au 10 zihesabike juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikiwa 7, pumzi haikuvutwa vya kutosha: moyo huonekana umetanuka na chini ya mapafu huwa na ukungu unaofanana na nimonia.

Kwa mtu mzima aliyesimama, mionzi ikitokea mgongoni, upana wa moyo usizidi nusu ya upana wa kifua kwa ndani. Aliyepigwa picha kitandani, mionzi ikitokea mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Mwisho ni maficho: nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, chini ya ukingo wa kiwambo na mifupa ya mabega. Kifua kikuu kwa watu wazima hupenda ncha za juu za mapafu, hivyo hapo hurudiwa hata kama tatizo jingine limeshapatikana.

Nini humkomaza haraka?

Kuandika jibu lake kabla ya kufungua ripoti ya bingwa, kisha kulilinganisha na ripoti hiyo, CT na majibu ya makohozi. Anayetazama picha nyingi bila kuambiwa wapi amekosea huzidi kujiamini tu. Picha zisizo na ugonjwa zichanganywe na zenye ugonjwa, tena bila mpangilio. Akijua kuwa leo ni siku ya nimonia, ataiona kila mahali.

Mgonjwa asaidieje?

Avue mkufu. Msuko mrefu ufungwe juu ya kichwa, kwani nywele zikilala begani huweka kivuli palepale kifua kikuu kinapotafutwa. Avute pumzi ndani kabisa na kuizuia akiambiwa. Aje na picha za zamani, na aseme kazi aliyofanya, hasa machimboni, pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku au kupungua uzito, ili yaandikwe kwenye fomu. Akiombwa makohozi baada ya eksirei, atoe: picha peke yake haithibitishi kifua kikuu.