Jeepney ni nini? Gari la Ufilipino na hesabu ya tajiri

Jeepney ni gari la abiria la Ufilipino lenye pua ya jipu, bodi ndefu ya chuma, mabenchi mawili yanayotazamana na mlango wazi kwa nyuma. Ukiishia hapo umeeleza bodi tu. Kinacholifanya jeepney liwe jeepney ni namna linavyomilikiwa na linavyolipwa.

Kabla ya vita, Manila ilikuwa na tramu za umeme za kampuni ya Meralco tangu 1905, pamoja na magari ya farasi yaitwayo kalesa. Mapigano ya 1945 yaliharibu reli na mabehewa, na tramu hazikufufuliwa tena. Jeshi la Marekani nalo likaacha jipu nyingi za Willys na Ford. Mafundi walirefusha chasisi, wakaweka paa, wakapanga mabenchi kwa urefu wa gari ili watu wapandie nyuma bila kuhitaji milango ya ubavuni. Leonardo Sarao, aliyekuwa mwendesha kalesa, alifungua karakana yake Las Piñas, mji ulio kusini mwa Manila, mwaka 1953. Jipu za jeshi zilipokwisha, bodi zikawa zinaundwa upya kabisa na kufungwa injini za dizeli zilizotumika kutoka Japani, hasa Isuzu kama 4BC2. Cha Willys kilichobaki ni sura.

Njia husomwa kwenye kibao cha kioo cha mbele na maandishi ya ubavuni. Mji wa Cebu hutumia namba, kama 04L. Unapunga mkono, unapanda umeinama kwa sababu paa ni la chini. Magari mengi hayana konda. Unasema "bayad po", unampa nauli jirani, naye anampa wa mbele yake mpaka imfikie dereva, na chenji hurudi kwa njia ileile. Aliyekaa nyuma ya dereva hugeuka konda asiye na mshahara, kwa hiyo mgeni asiyetaka kazi hiyo akae karibu na mlango. Taja unakoshukia na mnalipiwa wangapi, kwa kuwa nauli hufuata umbali: kilomita 4 za kwanza ni nauli ya chini, ambayo Oktoba 2023 ilipanda kutoka peso 12 hadi 13, kisha huongezeka kwa kila kilomita. Wanafunzi, wazee na watu wenye ulemavu hupunguziwa asilimia 20, ila waseme wakati wa kulipa. Chenji ikishapita mikono sita ni shida kuirekebisha. Kushuka ni "para po", au kugonga sarafu kwenye bomba la kushikia.

Sasa pesa. Dereva mara nyingi si mwenye gari. Kila siku humpelekea tajiri kiasi maalumu kiitwacho "boundary", yaani hesabu, kama anavyofanya dereva wa daladala. Mafuta anajaza mwenyewe, na kinachobaki ndicho chake. Kiti kitupu kinamuuma yeye, si tajiri. Ndiyo maana husubiri kituoni mpaka gari lijae, humlipa mpiga debe, husimama katikati ya barabara na kukimbizana na mwenzake kuwahi abiria. Dizeli ikipanda, hawezi kupandisha nauli, kwani hupangwa na LTFRB, mamlaka ya serikali ya usafiri wa barabarani. Matengenezo nayo husogezwa mbele: nozeli zilizochoka za kunyunyizia dizeli na pampu yake isiyopimwa hutoa ule moshi mweusi unaolaumiwa kila siku.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha mpango wa kuyabadilisha magari haya: injini ya Euro 4, yaani kiwango cha kupunguza moshi, au umeme, mlango wa ubavuni, kamera, malipo ya kadi. Mabishano mengi huwa juu ya sura ya gari jipya, lakini kifungu kizito ni kingine. Zamani mtu mmoja mwenye gari moja aliweza kuwa na leseni ya njia. Mpango ukawataka wenye magari waungane katika ushirika au kampuni, leseni iwe ya chombo hicho. Gari jipya likauzwa peso milioni 1.6 na zaidi, huku ruzuku ya mwanzo ikiwa peso 80,000, iliyobaki ni mkopo. Madereva waligoma mara kadhaa, ukiwemo mgomo wa Machi 2023. Tarehe ya mwisho ya kuungana ilisogezwa tena na tena hadi 30 Aprili 2024.