Viinitete vilivyogandishwa haviharibiki kwa kupita miaka 5

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: kwamba viinitete (mayai yaliyorutubishwa maabara ili kupandikizwa tumboni mwa mama) vilivyogandishwa "huisha muda" baada ya miaka 5, na mtoto atakayetokana navyo atazaliwa na kasoro. Si kweli.

Kiinitete huwekwa kwenye mrija mwembamba wa plastiki wenye utambulisho wa wenyewe, kisha huzamishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo seli hazikui wala hazizeeki. Hatari ipo wakati wa kugandisha na kuyeyusha. Hapo ndipo baadhi hufa. Mwaka 2022, nchini Marekani, walizaliwa pacha kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992.

Watu huchanganya uhai wa kiinitete na muda wa mkataba au sheria. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha kawaida cha kuvihifadhi kilikuwa miaka 10. Tangu Julai 2022 kinaweza kufika 55, mradi wenyewe wathibitishe ridhaa yao kila baada ya miaka 10. Ukitaka uhakika, soma fomu ya ridhaa mliyosaini, kisha muulize mtaalamu wa maabara inayowahifadhia.

Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Unamfikia mama ambaye matibabu hayakufanikiwa, machozi hayajakauka, naye anaamua kwa pupa. Kuendelea kuvihifadhi, kujaribu tena, kuwapa wengine, kuvitoa kwa utafiti au kuviacha viyeyuke, pale sheria inaporuhusu, ni mambo ya wawili kuyazungumza wakiwa wametulia.