Chuo kikuu kihame ligi? Tazama Pullman na Moscow kwanza

Pullman ni mji mdogo uliozungukwa na vilima vya ngano, mashariki mwa jimbo la Washington nchini Marekani. Ukitoka hapo kwa gari, ndani ya kilomita 13 tu umeshavuka mpaka wa jimbo na kuingia Moscow, Idaho. Kila mji una chuo kikuu chake, Washington State upande huu na Idaho upande ule, na wote wanatumia kiwanja kimoja cha ndege. Kwa wapenzi wa riadha wa Kenya, Pullman si jina geni. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Kabla yake hapo hapo alikuwapo Samson Kimobwa, na baada yake wakaja Julius Korir, Peter Koech na Bernard Lagat.

Kazi yangu ni kuwaelimisha wazazi na vijana wanaopata ufadhili wa masomo kupitia michezo. Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Mwalimu, chuo alichopangiwa mtoto kinahama ligi. Ni jambo jema au baya?" Nikijibu huwa naanza na majirani hawa wawili.

Kwanza tuelewane kuhusu ligi yenyewe. Michezo ya vyuo vya Marekani haina kupanda na kushuka daraja kwa matokeo ya uwanjani kama tulivyozoea kwenye Ligi Kuu. Ligi ni umoja wa vyuo vilivyokubaliana kucheza pamoja na kuuza haki za matangazo ya televisheni kwa pamoja, kisha kugawana mapato. Unaingia kwa kualikwa, na unatoka kwa kulipa. Chuo cha Maryland kilipotoka ligi ya ACC kwenda Big Ten mwaka 2014, mzozo wa ada ya kujitoa ulimalizika kwa dola milioni 31.4. Texas na Oklahoma zilikubali kutoa dola milioni 100 kwa pamoja ili ziondoke Big 12 mapema na kuingia SEC mwaka 2024.

Kwa nini mtu alipe fedha zote hizo? Kwa sababu ya futiboli ya Kimarekani. Mkataba wa televisheni wa Big Ten ulioanza 2023 ni wa miaka saba na unazidi dola bilioni 7, na sehemu kubwa ya thamani yake imejengwa juu ya mchezo huo mmoja. Tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa pia kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Njaa ya fedha imeongezeka. (Mzazi wa Afrika Mashariki aelewe hapa: malipo hayo hayamfikii kirahisi mwanafunzi wa kigeni, kwa kuwa viza ya mwanafunzi (F-1) inabana sana kazi za kulipwa.)

Sasa turudi Pullman. Ligi ya Washington State ilikuwa Pac-12, yenye mizizi ya mwaka 1915. Mwezi Juni 2022, USC na UCLA za Los Angeles zikatangaza kwenda Big Ten. Mwaka uliofuata Colorado ikaondoka, na tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, zikaondoka tano: Oregon, Washington (chuo kingine, si Washington State), Arizona, Arizona State na Utah. Septemba ilipoingia, Stanford na California zikajiunga na ACC, ligi ambayo jina lake lenyewe ni la pwani ya Atlantiki, wakati vyuo hivyo viko pwani ya Pasifiki. Vyuo kumi vilikuwa vimeondoka. Vilivyobaki ni viwili, Washington State na Oregon State, na ilibidi viende mahakamani kupigania udhibiti wa mali na jina la ligi. Mahakama iliwapa haki.

Waliohama nao hawakupewa kila kitu. Stanford na California zilikubali kupokea sehemu tu ya mgawo wa kawaida wa ACC kwa miaka kadhaa. SMU ya Dallas, iliyoingia pamoja nazo, ilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni. Mtu anaposikia "ligi kubwa, fedha nyingi", aulize chuo chake kitapata mgawo upi na kuanzia mwaka gani.

Jambo linaloniuma zaidi katika hesabu hizi ni wale wasiocheza futiboli. Timu ya futiboli hucheza takriban mechi kumi na mbili kwa msimu, mara moja kwa wiki, nyingi zikiwa Jumamosi, na nusu ya hizo ni nyumbani. Mpira wa wavu, softiboli, besiboli na soka wana mechi nyingi zaidi, nyingine katikati ya wiki ya masomo. Msichana wa UCLA anayecheza mpira wa wavu sasa yuko ligi moja na Rutgers ya New Jersey. Umbali wake unakaribia kilomita 4,000, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Cairo. Mechi ikipangwa saa sita mchana New Jersey, mwili wake unasoma saa tatu asubuhi. Kifungua kinywa cha saa mbili anakila mwili ukiwa bado saa kumi na moja alfajiri. Akirudi usiku, kesho yake ana maabara. Mwezi mmoja wa maisha hayo unatosha kumshusha alama, na ufadhili wake unategemea alama.

Kwa mkimbiaji hali ni tofauti kidogo, na nalisema hili kwa sababu wazazi wengi wanaoniuliza ni wa wakimbiaji. Riadha na mbio za nyika hazichezwi kwa ratiba ya ligi ya kila wiki. Kocha huchagua mashindano mengi mwenyewe, na safari ya lazima ya ligi ni ya ubingwa wake. Mkimbiaji hachoshwi sana na ramani mpya. Hatari yake iko kwenye bajeti. Juni 2025, Washington State ilitangaza kuondoa miruko na mitupo katika timu yake ya riadha, na kupunguza mbio fupi na za viunzi, ili fedha ziende kwenye mbio ndefu. Urithi wa kina Rono umesalimika. Kijana aliyekwenda Pullman kurusha mkuki alibaki na uchaguzi wa kutafuta chuo kingine au kuacha mchezo wake.

Ukivuka kwenda Moscow unakuta mkasa mwingine. Idaho ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa ligi ya Big Sky mwaka 1963. Mwaka 1996 ikaiacha ili icheze futiboli daraja la juu. Miaka ikapita, na ikaishia kucheza futiboli kwenye Sun Belt, ligi ya majimbo ya kusini, ambako mechi ya ligi huko Georgia ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 3,000. Mwaka 2016 Sun Belt ikasema haitaendelea nayo. Rais wa chuo akaamua futiboli irudi Big Sky kuanzia 2018, ingawa maana yake ilikuwa kushuka daraja kwa hiari, jambo ambalo hakuna chuo cha daraja la juu kilichowahi kulifanya tangu daraja hizo zipangwe. Nafasi za ufadhili zikashuka kutoka 85 hadi 63. Wahitimu walilalamika, na wengine waliona aibu.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Wapinzani wa Idaho sasa ni Montana, Montana State, Eastern Washington: watu wanaofika kwa basi, wanaojaza viti vya ugenini, ambao babu zao walicheza dhidi ya babu za hawa. Timu iliingia mchujo wa kitaifa wa daraja lake mwaka 2022, 2023 na 2024.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa chuo chochote kinachofikiria kuhama ni kutenganisha mambo mawili. Futiboli ifuate televisheni ikibidi, michezo mingine ibaki karibu na nyumbani. Njia hiyo ipo na imeshatumika. Notre Dame inacheza futiboli bila ligi huku michezo yake mingi ikiwa ACC tangu 2013. Connecticut ilikubali kulipa dola milioni 17 mwaka 2019 ili irudi Big East, ligi ya majirani zake wa zamani, futiboli ikabaki peke yake bila ligi. Tangu hapo mpira wake wa kikapu wa wanaume umetwaa ubingwa wa taifa 2023 na 2024, na wa wanawake 2025. Pac-12 yenyewe imejengwa upya kwa ajili ya msimu wa 2026, pamoja na Boise State, Fresno State, San Diego State na wengine, karibu wote wa magharibi.

Na kwa mzazi mwenye barua ya ufadhili mkononi: mkataba ni kati ya mtoto na chuo, ligi haimo. Chuo kikihama, ufadhili hauvunjiki kwa sababu hiyo pekee. Muulize kocha, kwa maandishi, ufadhili ni wa mwaka mmoja au miaka minne, na kama mchezo ukifutwa chuo kitaendelea kulipa hadi mtoto ahitimu. Omba ratiba ya msimu uliopita, uhesabu siku za masomo alizokosa mchezaji wa nafasi ya mtoto wako. Na mtoto akilazimika kuhama chuo, apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ili rekodi ya viza yake ihamishwe kabla hajapanda basi.