Pointi 6 si nafasi ya Muhimbili

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, naulizwa swali lile lile: "Nina D tatu za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), na mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unasema pointi 6 zinatosha kusomea udaktari. Si nimeshaingia Chuo Kikuu cha Muhimbili?"

Hapana, mdogo wangu. Pointi 6 zinakuruhusu kuomba tu. Kwenye udahili A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 (usichanganye na pointi za divisheni, ambako A ni 1). D tatu ni 6. Mwenye A tatu ana 15, na mnagombea kiti kimoja. Waombaji wakizidi nafasi, wenye ufaulu wa juu huchukuliwa kwanza mpaka viti viishe.

Kwa hiyo ulizia wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana alikuwa na ngapi. Ukiwa chini yake, omba ukipenda, lakini jaza na vyuo vingine vya udaktari. Inaniuma sana kuona mtoto mwenye sifa anabaki nyumbani kwa sababu alijaza chuo kimoja tu.