ALT Ikishuka, Usishangilie Mapema

Mgonjwa ameletwa baada ya kunywa parasetamoli nyingi. Jana ALT, kipimo cha damu kinachohusu ini, ilikuwa 8,000, leo ni 2,000, na daktari wa zamu ananipigia kwa furaha: anapona! Huwa namuuliza kwanza: INR je, kile kipimo cha damu kuganda, ambacho hupanda damu ikichelewa kuganda? Na ukimwita jina, anaitika?

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini. Seli ikifa, humwagika kwenye damu. Vinatuonyesha uharibifu uliotokea. Kazi inayoendelea kufanyika havituonyeshi. Vikishuka, huenda ini limetulia, au huenda seli nyingi zimeshakufa na zilizobaki za kufa ni chache. Namba yenyewe haitofautishi hayo mawili.

Kazi ya ini ipime kwa kile linachotengeneza na kile linachosafisha. Protini nyingi za kugandisha damu hutoka kwenye ini, na baadhi hazikai sana: mojawapo, faktari ya VII, hupungua kwa nusu ndani ya saa 4 hadi 6 tu. Ndiyo maana INR hupanda mapema. Albumini, protini nyingine ya ini ambayo wengi wanaikimbilia, haifai hapa, kwa kuwa nusu yake huchukua wiki 2 hadi 3 kwisha. INR ya 1.5 au zaidi, pamoja na akili kuvurugika kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini wa muda mrefu, inatosha kusema ini limeshindwa ghafla.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. INR ikisoma 4, mtu anaagiza plazma, yaani majimaji ya damu ya mchangiaji yenye protini za kugandisha, ili "kurekebisha". Kama mgonjwa hatoki damu wala hakuna upasuaji unaomsubiri, iache. Ukimpa plazma umesukuma mshale wa mizani kwa kidole. Kesho hutajua ini linapanda au linashuka. Vitamini K sawa, mpe, maana upungufu wake nao hupandisha INR.

Kwenye kusafisha, naangalia laktati na amonia, taka ambazo ini huziondoa kwenye damu. Amonia ikizidi mikromoli 150 kwa lita, naanza kuhofia ubongo kuvimba. Sukari nayo hushuka bila taarifa, hivyo ipimwe mara kwa mara, usiku pia.

Vigezo vya hospitali ya King's College, London, vya 1989 vinatazama mambo haya haya. Kwa parasetamoli: pH ya damu ya ateri (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) chini ya 7.3 baada ya kupewa maji ya kutosha, au INR zaidi ya 6.5, kreatinini (kipimo cha figo) zaidi ya mikromoli 300 kwa lita na usingizi mzito au kuchanganyikiwa sana, vyote vitatu kwa pamoja. Vilitungwa kuchagua wa kupandikizwa ini, lakini hata ukiwa hospitali ya wilaya vinakusaidia kuamua nani asafirishwe leo. ALT haimo.

Akiwa anahangaika kitandani, pima sukari kabla ya kufikiria dawa ya kumtuliza, kisha andika kwenye faili anajibu nini ukimuuliza yuko wapi. Ukishamlaza kwa dawa, kipimo hicho umekipoteza.