Eti ni majani tu, hayana kemikali

Hii kauli ya watu kuhusu mitishamba ya maumivu inanichosha kweli. Morfini, ile dawa kali ya maumivu, inatoka wapi? Kwenye utomvu wa mpopi, ua kabisa hilo, mfamasia Mjerumani Sertürner aliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1800 na mpaka leo mtu akitoka kupasuliwa ndo anachomwa hiyo hiyo, na ikizidi pumzi zinakata. Sasa niambie upole wa majani uko wapi hapo.

Kuna wale wa upande wa pili pia, mitishamba kwao ni imani tu. Haya, mara ya mwisho umekata pilipili ukajisahau ukagusa jicho ilikuwaje? Ule moto unaletwa na kapsaisini, inaamsha kipokezi cha joto kwenye mishipa ya fahamu, mwili unadhani unaungua kumbe hakuna moto (David Julius aliyekigundua alipewa Nobel 2021, pamoja na mwenzake). Sasa ikipakwa sana ncha za ile mishipa zinachoka na kuacha kupeleka taarifa za maumivu, ndo maana kuna plasta ya kapsaisini asilimia 8 ya maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, ila hiyo anabandika mtaalamu. Krimu ya kujipaka mwenyewe haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo wewe unayesugua pilipili mbichi kwenye goti ukidhani ikiwasha zaidi ndo inaponya zaidi, unajibabua ngozi bure.

Manjano kwenye chai? Kurkumini, kemikali yake inayosifiwa, ni kama asilimia 3 tu ya ule unga na utumbo hauinyonyi vizuri. Vidonge vyake vilivyokolezwa vinasaidia kidogo magoti yaliyosagika, lakini vipo vilivyoumiza ini la watu, hasa vile vilivyochanganywa na pilipili manga ili viingie kirahisi.

Karafuu nakubali, yujenoli iliyomo ndani yake inatia ganzi jino, madaktari wa meno wenyewe wanaitumia. Tundu tu ndo linabaki pale pale likichimba.

Na ile "hii ni asili, nakunywa na dawa zangu zote" ndo inaniogopesha. Gome la mti wa wilo lina salisini, ndugu wa aspirini, ukichanganya na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kuvuja damu. Halafu kuna kile kichupa cha "mitishamba mitupu" kinachoondoa maumivu ndani ya nusu saa, maabara zikipima vya hivyo si mara moja zimekuta dawa za kiwandani kama diklofenaki au steroidi humo ndani.